Mugumo na Shamba la Chai

Kitabu cha maisha ya Wangari Maathai, kiitwacho Unbowed, kilichotolewa mwaka 2006, husomwa na wengi kwa haraka ya kuzifikia habari zenye mshindo: jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru mwaka 1989, akina mama waliodai wana wao watolewe gerezani mwaka 1992, mapigo aliyoyapata mwandishi penye msitu wa Karura Januari 1999, na Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Habari hizo ni za kweli, nazo zimesimuliwa kwa ushujaa usio na majivuno. Walakini, kwa maoni yangu, uzito wa kitabu haumo humo. Umo katika kurasa chache zihusuzo mti mmoja na kijito kimoja cha Ihithe, na kijana wa Othaya anapaswa kuzisoma kurasa hizo kwa makini kuliko msomaji mwingine yeyote.

Ihithe imo Tetu, nchi iliyopakana na Othaya. Udongo ni ule ule mwekundu, na miteremko ni ile ile ishukayo kutoka milima ya Nyandarua. Huko ndiko alikozaliwa Wangari mwaka 1940. Karibu na nyumba yao palisimama mugumo, mkuyu mkubwa, na mama yake alimkataza asiokote kuni kwake, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Si mbali na mti huo palibubujika kijito. Mtoto alichezea mayai ya vyura majini akidhani ni shanga, akajaribu kuyavaa shingoni, yakamponyoka vidoleni. Baadaye, akiwa mtu mzima mwenye elimu ya viumbe, alifahamu kwamba mizizi ya mkuyu hupenya mwamba hata ikayafikia maji yaliyo chini, na maji hayo huifuata mizizi yakatokea mahali palipo dhaifu. Wazee hawakuwa na elimu hiyo ya darasani, bali mwiko wao uliilinda chemchemi.

Kisha mwandishi anarudi nyumbani na kukuta mti umekatwa. Mwenye shamba mpya aliona kwamba unachukua nafasi kubwa bure, akauangusha apate kupanda chai. Kijito kikakauka. Haya yote yamesemwa kwa maneno machache, bila kilio na bila matusi, nami sijui mahali pengine katika kitabu hiki ambapo sababu na tokeo lake vimewekwa karibu hivi.

Hapo hapo ndipo ninapomlaumu mwandishi. Mtu aliyeukata mugumo hana jina wala sauti. Anaingia na shoka, anatoka, basi. Je, alikuwa nani? Yamkini alikuwa mtu kama baba zetu na babu zetu. Chini ya utawala wa kikoloni Mwafrika alizuiliwa kwa muda mrefu asilime mazao yenye fedha. Mlango ulipofunguliwa katika miaka ya 1950, na viwanda vya wakulima wadogo vikaanza kwa kile cha Ragati mwaka 1957, mkulima wa milimani aliona kwa mara ya kwanza kwamba ekari moja ya ardhi yaweza kumsomesha mtoto. Othaya yenyewe imejengwa kwa majani hayo: Iriaini, Chinga na Gitugi ni majina ya viwanda kabla hayajawa majina ya kitu kingine masikioni mwa mgeni. Kijana anayekisoma kitabu hiki huenda ameketi juu ya dawati lililolipiwa na chai. Kumwambia kwamba mkata mti alikuwa mwovu si kweli. Na kumwambia kwamba hakuwa na hatia pia si kweli, maana kijito kimekauka. Mwandishi angetupatia mazungumzo ya watu hawa wawili, mwenye mti na mwenye chai, kitabu kingekuwa kikubwa zaidi.

Wengine husema kwamba neno hili limekwisha, kwa sababu msitu wa Nyandarua sasa umezungushiwa uzio wa umeme wenye urefu wa kilomita 400 hivi, uliokamilika mwaka 2009 wakati wa Rais Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya. Uzio huo umefanya kazi njema, na mkulima aliyewahi kuamka akakuta ndovu katika viazi vyake anaijua thamani yake. Lakini mugumo wa Ihithe haukuwa msituni. Ulikuwa shambani mwa mtu, na huko uzio haufiki.

Huko ndiko walikofika wanawake wa Green Belt Movement tangu mwaka 1977, na sura inayowahusu ndiyo ya pili kwa ubora. Mabwana misitu waliwacheka, wakisema kwamba kupanda miti ni kazi ya wenye stashahada. Wanawake wakaotesha mbegu katika vyungu vilivyovunjika, wakavitundika mahali ambapo kuku hawafiki, wakajifunza wao kwa wao. Walilipwa fedha kidogo mno, nazo hazikulipwa kwa mche uliopandwa bali kwa mche ulioishi. Sharti hilo dogo lina akili kuliko hotuba nyingi ninazozisikia siku ya kupanda miti, ambapo mheshimiwa hushika jembe, hupigwa picha, kisha mche huachiwa mbuzi. Nasikitika tu kwamba wanawake hawa twawaona kwa mbali, kama kundi. Ni wachache mno wanaopewa nafasi ya kusema wenyewe.

Juu ya unyofu wa mwandishi, hata hivyo, sina neno. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti 7 huko Kamukunji, Nairobi, kila mmoja kwa heshima ya shujaa wa kabila mojawapo la Kenya. Angeweza kuishia katika sherehe hiyo na hakuna ambaye angemwuliza zaidi. Lakini anaendelea kuhesabu, naye anatuambia kwamba katika miti hiyo 7 iliyosalia hai ni 2.