Soli za Berlin: Kosa Lilifanyika Kabla ya Bastola Kulia

Kila Septemba Berlin inaporudi kwenye runinga, picha ile ya mwaka 2015 hurushwa tena. Eliud Kipchoge yuko mbele, mabega yametulia, uso hausemi kitu, na nyuma ya visigino vyake soli mbili za ndani zimechomoza zinapigapiga hewani. Mtangazaji atasema ushujaa. Ushujaa ulikuwepo na sibishani nao. Ninachokataa ni ushujaa huo kutumika, mwaka baada ya mwaka, kufunika uamuzi mbovu kuliko wote niliowahi kuuona katika maandalizi ya mbio kubwa: mkimbiaji bora duniani, kwenye njia ya kasi kuliko zote, alipelekwa mstarini na kiatu cha majaribio.

Tuitazame asubuhi ile ya tarehe 27 Septemba jinsi ilivyokuwa. Mwezi Aprili Kipchoge alikuwa ameshinda London kwa 2:04:42, akimwacha Wilson Kipsang kwa sekunde 5. Muda wake bora ulikuwa 2:04:05, alioupata hapo hapo Berlin mwaka 2013 siku Kipsang alipoweka rekodi. Rekodi ya dunia ilikuwa 2:02:57 ya Dennis Kimetto, nayo ya Berlin. Njia anaijua, kocha wake Patrick Sang anamjua toka ujana wake, kambi ya Kaptagat haijabadilika. Katika hesabu yote hiyo, kigeni kilikuwa kimoja tu, nacho ndicho kilichogusa lami kwa saa mbili na ushei.

Watu hudharau soli ya ndani kwa sababu ni nyepesi na inatoka kwa vidole viwili. Lakini ndiyo inayokaa kati ya unyayo na mishono ya kiatu. Fikiria kinachotokea kila hatua. Mkimbiaji akijisukuma kwenda mbele, unyayo unasukuma kiatu kwenda nyuma. Nguvu hiyo haifiki kwenye lami moja kwa moja. Inaanza kwa soli ya ndani, na kama soli hiyo imeshikwa na gundi peke yake, gundi ndiyo inayobeba mvutano wote. Sasa ongeza jasho, ongeza maji ambayo wakimbiaji hujimwagia kwenye meza za vinywaji na ambayo huteremkia miguuni. Gundi inalainika, soli inaanza kusogea nyuma milimita kwa milimita, inafika kisigino, na kwa kuwa ukuta wa kisigino umepinda kwenda juu, inapanda nao na kutokeza nje. Kwa hatua kama 180 kwa dakika, hadi mwisho wa mbio ni zaidi ya hatua 22,000. Kitu kisichoshikwa vizuri hakiwezi kuvumilia mivuto mingi hivyo.

Na kilichotoka hakikutoka bure. Soli ikiondoka, unyayo unakutana na kitambaa cha chini na mshono unaozunguka kiatu chote kwa ndani, mshono ambao haukukusudiwa kugusa ngozi. Nafasi ndani ya kiatu inaongezeka, kwa hiyo kamba ulizozikaza asubuhi hazishiki tena vilevile na mguu unaanza kuteleza mbele na nyuma. Nusu ya soli iliyobaki chini ya vidole inajikunja na kuwa uvimbe. Ndiyo maana alimaliza na malengelenge na kidole gumba kilichochanika. Tazama tena mkanda wa kilomita za mwisho, usitazame uso wake kwa sababu uso wa Kipchoge hautoi siri. Tazama zile soli, halafu jiulize ni mtu gani mwingine angeweza kushika mwendo wa 2:56 kwa kilomita juu ya kitu kile.

Utetezi unajulikana, na aliutoa mwenyewe baada ya mbio kwa upole wake: viatu vilijaribiwa Kenya mazoezini na havikuleta shida. Naamini kabisa kwamba vilijaribiwa. Swali langu ni vilijaribiwa katika hali gani. Mazoezi mengi ya Kaptagat, hata zile kilomita 40 za Alhamisi, hukimbiwa kwenye barabara za udongo, juu sana kutoka usawa wa bahari, asubuhi ya baridi, kwa mwendo ulio chini ya ule wa mashindano. Udongo husogea kidogo chini ya mguu na kupunguza mvutano ndani ya kiatu, lami haisogei. Mazoezini hakuna anayejimwagia maji kila kilomita tano. Kiatu kilifaulu mtihani mwingine, kikapewa cheti cha mtihani ambao hakikuufanya. Kampuni iliyokitengeneza, yenye maabara na mainjinia, ilipaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote, na waliomruhusu akivae walipaswa kuuliza.

Kutosimama njiani kuzitoa zile soli lilikuwa jambo sahihi, maana kufungua na kufunga kamba za viatu viwili kungekata mwendo na kuliacha kundi liondoke. Mbio zenyewe alizipanga vizuri: alimwacha Eliud Kiptanui kwa dakika 1 na sekunde 21.

Alimaliza kwa 2:04:00. Muda wake bora mpya, kwa sekunde 5. Rekodi ya Kimetto ilibaki sekunde 63 mbele yake, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Sekunde 63 ni sekunde moja na nusu kwa kila kilomita. Nani atasema kwamba mguu unaoteleza na kidole kinachochanika havikumnyang'anya kiasi hicho?

Wazee wetu wa mbio hizi walikuwa na busara zaidi kuhusu viatu, na sichoki kulisema. Mwaka 1960 mjini Roma, Abebe Bikila alipewa viatu visivyomkaa. Alikuwa amezoea kukimbia pekupeku, akavua, akashinda kwa 2:15:16. Watu husimulia kisa hicho kama hadithi ya umaskini, na mimi nakisoma kama uamuzi wa kiufundi ulionyooka: kilichojulikana kilishinda kipya. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu na akashinda tena kwa 2:12:11. Hakuwa na imani ya pekupeku. Alikuwa na imani ya kitu kinachokaa mguuni.

Paul Tergat alipokuwa wa kwanza kushuka chini ya 2:05, Berlin 2003, kiatu chake hakikuwa habari ya siku hiyo. Na angalia ule ukoo wa viatu vya Adios vya Adidas: Haile Gebrselassie 2:03:59 mwaka 2008, Patrick Makau 2:03:38 mwaka 2011, Kipsang 2:03:23 mwaka 2013, kisha Kimetto. Rekodi nne, zote Berlin, na kiatu kinaboreshwa toleo kwa toleo bila kumfanya mwanariadha panya wa maabara. Hivyo ndivyo kazi inavyofanywa.

Wanaonisoma wanajua nina ugomvi wa siku nyingi na viatu vipya siku ya kazi. Nimeuandika kuhusu wapanda Kilimanjaro wanaotua Moshi na buti bado lina harufu ya duka, zito, lenye utando usiopitisha maji, ambao pia huchelewesha jasho kutoka. Msituni chini kwenye joto na unyevu miguu inalowa kwa ndani. Wakati wa kushuka vidole vinagonga mbele. Tofauti na hao, kule Marekani wachezaji wa gofu ya visahani hutembea msituni kwa muda mrefu, na kila wakirusha hukaza mguu mmoja na kuuzungusha mwili wote juu yake. Wengi wao huchagua viatu vyepesi vya kupandia milima vyenye wavu wa kupitisha hewa, na anayejua anachofanya huvitembelea kwanza mpaka kisigino kitulie ndani. Mtu anayecheza Jumamosi kwa furaha yake anachukua tahadhari hiyo. Berlin haikuchukuliwa.

Mwaka 2020 Shirikisho la Riadha Duniani liliweka kanuni: unene wa soli usizidi milimita 40, bamba gumu ndani lisizidi moja, na kiatu kiwe kimeuzwa madukani kwa miezi minne kabla ya kuvaliwa mashindanoni. Nilishangilia. Wengi waliipokea kama kanuni ya kuzuia viatu vinavyopaa, na mimi nilifurahia zaidi ile miezi minne, kwa sababu kiatu kilichovaliwa na maelfu ya watu kwenye mvua na lami hakifichi gundi mbovu. Kisha mlango ukafunguliwa tena kwa viatu vya maendeleo, yaani vilivyo bado majaribioni, vinavyoruhusiwa kwa muda kwenye mbio nyingi nje ya Olimpiki na Mashindano ya Dunia. Marehemu Kelvin Kiptum aliweka 2:00:35 Chicago mwaka 2023 na kiatu cha aina hiyo cha Nike, na kilishika tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo halinibadilishi. Kampuni inayotaka kujua kama soli yake itashika, ilete kiatu Kaptagat na Iten mapema, itafute barabara ya lami, ilipe wawekaji kasi, imwage maji miguuni kila kilomita tano, na mtu akimbie kilomita 42 kwa mwendo wa mashindano. Soli ikitokeza kisigino siku hiyo, kiatu kirudi kiwandani na mwanariadha aende Berlin na kile alichoshindia London.