Gitaa Kabla ya Vanishi

Gitaa la mkono hupimwa sauti likiwa bado mbao tupu, kwa kuwa vanishi ikishakauka uso hauguswi tena kwa randa wala msasa bila kazi kuharibika. Merikit, wilayani Tororo nchini Uganda, kipimo hiki kina uzito wa ziada. Unene wa milimita 2.5 hadi 3 unaotajwa vitabuni kwa gitaa la nyuzi za chuma ni wa sprusi ya Ulaya na Marekani. Mbao laini ya kawaida huko, mpakani na Kenya, ni saiprasi, mti wenye asili ya Meksiko, ingawa jina lake la kisayansi linataja Ureno. Haina kipimo cha kuazima. Ni ya kusikilizwa.

Nyuzi hukazwa hadi sauti kamili, kisha gitaa huachwa siku mbili tatu. Nyuzi sita nyepesi za chuma huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70: uso huvimba kidogo nyuma ya daraja, shingo hujipinda, na sauti ya saa ya kwanza si ya kuaminiwa. Mvua nayo hudanganya. Machi hadi Mei mbao hunywa unyevu, ikawa nzito na sauti ikafifia. Fundi anayekwangua Aprili akidhani uso ni mnene hujikuta Januari na uso uliopungua kupita kiasi.

Jaribio la kwanza ni la kidole gumba. Uso hugongwa kwa nyama ya kidole karibu na daraja, nyuzi zikiwa zimenyamazishwa kwa kitambaa. Husikika sauti mbili: ya hewa iliyo ndani ya sanduku, kwa kawaida karibu mitetemo 100 kwa sekunde, na ya uso wenyewe, karibu 200. Tundu likizibwa kwa kiganja, ya kwanza hupotea.

Shida iko hapo kwenye 200. Uzi wa tatu, usipobanwa, una mitetemo 196. Uso ukiangukia palepale, uzi huo hubweka na kuzimika upesi wakati jirani zake bado wanaimba. Kucharaza nyuzi zote kwa pamoja huficha kasoro hii. Omutibo, mtindo wa magharibi mwa Kenya uliovuma miaka ya 1950, huianika: gumba hushika besi, kidole cha shahada huimba juu yake, na kila uzi hujibu peke yake.

Kabla ya kukwangua, sarafu hubandikwa kwa nta chini ya daraja. Hubandikwa kwa ndani, mkono ukipitia tunduni, maana nta ikigusa mbao tupu ya nje, vanishi haitashika hapo. Uzito wa sarafu hushusha mtetemo wa uso, kama ambavyo kupunguza mbavu za ndani kungeushusha. Ila sarafu hubanduka. Ikisaidia, nyuzi hulegezwa na mbavu kusuguliwa kwa msasa, kidogo kidogo. Isiposaidia, mbavu zimenusurika.

Vanishi yenyewe ni sarafu isiyobanduka. Uso unaotetemeka juu kidogo tu ya 196 ni wa hatari kuliko ulio chini yake, kwani uzito wa vanishi unaweza kuuteremsha hadi palepale. Zaidi ya hapo, vanishi humeza sauti za juu, hivyo gitaa tupu linapaswa kuwa na ukali uliozidi kidogo. Mgongo na shingo huvumilia mikono mingi ya brashi. Uso hupewa miwili, myembamba.