Shauri la Mgombea Binafsi na Mizani ya Mihimili ya Dola nchini Tanzania

Shauri la Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali huweza kusomwa kama mfano wa majaji kuvuka mpaka wao. Usomaji huo hausimami ukipimwa kwa mfuatano wa matukio. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliikuta Katiba ikisema mambo mawili: ibara ya 21 ilimpa raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, ilhali ibara za 39 na 67 zilimtaka mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa. Alichagua tafsiri iliyopanua haki. Kupatanisha masharti yanayokinzana ni kazi ya kawaida ya jaji. Hapakuwa na unyakuzi wa madaraka. Lililotumia nguvu ni Bunge, ambalo kwa Sheria Na. 34 ya 1994 liliifungia ibara ya 21 ndani ya masharti yaleyale yaliyokuwa yakibishaniwa. Wabunge hao, ikumbukwe, walichaguliwa mwaka 1990 chini ya mfumo wa chama kimoja.

Hukumu ya Mahakama Kuu ya 2006 ndiyo yenye udhaifu. Jopo la majaji watatu liliyakataa marekebisho hayo bila kuonyesha vya kutosha kwa kipimo gani ibara moja ya Katiba huishinda nyingine. Mahakama ya Rufani iliingilia ufa huo mwaka 2010: mahakama haiwezi kubatilisha ibara ya Katiba iwapo utaratibu wa ibara ya 98 umefuatwa, na suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge.

Hoja hiyo ni nzito, ila inaacha pengo kubwa. Ikiwa kinachochunguzwa ni utaratibu peke yake, theluthi mbili ya kura yatosha kupunguza haki yoyote, na mlinzi wa haki anakuwa chombo kilekile ambacho haki hiyo ilikusudiwa kukidhibiti. Staha ya namna hiyo haikuumaliza mgogoro. Iliuhamishia Arusha, ambako Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwezi Juni 2013 kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika. Uchaguzi wa 2015 na wa 2020 ulifanyika bila mgombea binafsi. Kati ya chaguzi hizo, Novemba 2019, Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja.