Dakika Milioni Kumi na Sita Ndani ya Mita

Mita ya stima ya tokeni iliyo ukutani Makongeni, Thika, kwa kawaida haijui leo ni tarehe ngapi. Mita nyingi za aina hii hazina laini ya simu wala intaneti, na tangu zifungwe hazijawahi kuzungumza na Kenya Power moja kwa moja. Kinachoziunganisha na kampuni ni kidole cha mteja kikibonyeza namba 20 za tokeni. Ukilijua hilo ndipo utaelewa ugumu wa kazi ya mwaka 2024, pale mpangilio wa zamani ndani ya mamilioni ya mita ulipotakiwa kubadilishwa kabla ya 24 Novemba, na mafundi wa kuzunguka nyumba kwa nyumba hawangetosha hata kidogo.

Tarehe hiyo haikupangwa Nairobi. Ilitoka Afrika Kusini, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi walibuni kanuni ya tokeni iitwayo STS. Namba 20 ni nyingi kwa kidole, lakini kwa kompyuta ni biti 66 tu, na ndani yake ilibidi kubanwa kiasi cha yuniti, alama za kukagua makosa, na wakati tokeni ilipotolewa. Wakati ulipewa biti 24, uhesabiwe kwa dakika kuanzia 1 Januari 1993. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216. Gawanya kwa dakika 1,440 za kila siku, upate siku 11,650 na ushee, kisha uhesabu kutoka 1993: unaangukia 24 Novemba 2024. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa kwa kalamu na karatasi hata kabla ploti nyingi za Ruiru hazijachimbiwa msingi.

Wakati una kazi gani ndani ya tokeni? Ni ulinzi. Mita hukumbuka tokeni 50 za mwisho ili moja isiingizwe mara mbili, na ile iliyo kuukuu kuliko zote inazozikumbuka huikataa. Kihesabio cha dakika kikijaa na kurudi sifuri, tokeni iliyonunuliwa asubuhi hii itaonekana kwa mita kama ya Januari 1993. Stima isingekatika usiku ule. Yuniti zilizomo zingeendelea kuliwa hadi ziishe, halafu mwenye nyumba angebonyeza tokeni mpya na kukataliwa, anunue nyingine na kukataliwa tena.

Dawa ya haraka ingekuwa kuiambia mita isahau yote na ianze kuhesabu upya kutoka 2014, ambao ndio mwaka wa pili wa kuanzia katika kanuni hiyo. Hapa ndipo ninapowavulia kofia waliopanga. Mita ikisahau, jumbe zote za tokeni za miaka iliyopita zilizolala kwenye simu za watu zinafufuka. Mtu angeketi sebuleni akaingiza stima ya miaka mitatu bila kulipa senti. Kwa hiyo kusahau kukafungwa pamoja na kubadili ufunguo. Kila tokeni hufumbwa kwa ufunguo ambao mita yake pekee inao; ukibadilika, jumbe za zamani zinageuka takataka. Ila ufunguo mpya hauenei ndani ya namba 20. Ukakatwa vipande viwili.

Ndiyo maana aliyenunua tokeni kipindi kile alipokea safu tatu za namba badala ya moja. Mbili za kwanza zilibeba ufunguo, ya tatu ndiyo iliyobeba yuniti zake. Jumla, kubonyeza mara 60. Aliyeanza na ya tatu alikataliwa, kwa kuwa ilikuwa imefumbwa kwa ufunguo ambao mita haijaupokea. Na aliyekuwa na tokeni ya akiba ambayo hajaiingiza ilimpasa aiingize kwanza, la sivyo hela imeenda.

Linganisha na uhamisho mwingine: M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilipohamisha mitambo yake kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 2015, mashine zilikuwa mahali panapojulikana, mikononi mwa wahandisi. Kwenye mita, fundi wa zamu ni mama anayerudi kutoka sokoni. Mpango ukamgeuza fundi bila kumwambia: badala ya kumwita ofisini, kazi ikapachikwa juu ya jambo ambalo angelifanya hata hivyo, kununua stima. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua bora ya mpango wote. Kampeni za redio na mabango zilisaidia, lakini hakuna bango linalomshinda mtu aliye gizani na simu mkononi.

Upande wa seva kulikuwa na kazi isiyoonekana. Mfumo unaouza tokeni lazima ujue kila mita iko kwenye ufunguo gani, wa zamani au mpya. Rekodi ikidanganya, mteja atabonyeza sawasawa na bado atakataliwa. Hapo ndipo uchafu wa daftari la mita hujitokeza: mita iliyobadilishwa bila kuandikwa, namba iliyokosewa tarakimu moja, nyumba iliyouzwa ikiwa bado na jina la mmiliki wa kwanza. Kampuni yoyote inayohama kutoka mfumo mkuukuu hukutana na deni hili, na huwa halilipiki wiki ya mwisho.

Palipo dhaifu ni penye ploti za kupanga. Mpango ulidhani anayenunua, anayepokea ujumbe na anayebonyeza ni mtu mmoja. Ruiru, iliyohesabiwa kuwa na zaidi ya watu 490,000 mwaka 2019, ni mji wa wapangaji. Kimbo au Kihunguro, mita iko chini ngazini nyuma ya wavu wa chuma, kibonyezeo kimeingia maji, na ufunguo wa wavu huo anao keyateka. Mpangaji ana namba 60 kwenye simu. Keyateka ameenda mashambani. Isitoshe, ploti nyingi zina mita ndogo za binafsi ambazo yuniti zake hununuliwa kupitia kampuni nyingine kabisa. Nyingi za mita hizo zinafuata kanuni ile ile na zilikuwa na ukomo ule ule, lakini Kenya Power haizigusi. Mpangaji hajui tofauti. Kwake zote ni "tokeni".

Zoezi lilikuwa na faida ya pembeni ambayo mchambuzi wa takwimu huipenda kuliko lengo lenyewe. Mita isiyobadilishwa mara nyingi ni mita ambayo hakuna anayeinunulia tokeni. Eskom, kampuni ya umeme ya Afrika Kusini iliyobaki na mita nyingi zisizobadilishwa siku ya mwisho, ilisema wazi kwamba baadhi ya wenye mita hizo hawakuwa wakinunua kabisa. Nyumba inawaka taa lakini hainunui: huko ndiko pa kumtuma fundi. Orodha ambayo ingegharimu miezi ya ukaguzi imejiandika yenyewe.

Waliochelewa hawakufungiwa mlango, kwa kuwa zile safu mbili za ufunguo hazibebi dakika na mita huzipokea hata baada ya tarehe. Kihesabio kipya nacho hakikuanza kitupu. Kwa kuwa kinahesabu kutoka 1 Januari 2014, siku kilipoingizwa Makongeni kilikuwa tayari kimekula dakika milioni 5.7, theluthi moja ya uhai wake, na kitajaa 24 Novemba 2045.