Paul Bomani na Mizani ya Haki

Wazee wa Kisesa waliolima pamba hawahitaji kuelezwa ushirika ni nini. Vijana wetu wanahitaji, na jina la kuanzia ni Paul Bomani. Hata hivyo, tunapomkumbuka huwa tunamsifu tu. Sifa peke yake hazitufundishi kitu, hivyo naomba tumpime, kama yeye alivyodai pamba ipimwe.

Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kiadventista. Alifanya kazi ya ukarani mgodini Mwadui kabla ya kuja Mwanza, ambako aliingia katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Huko alikutana na kilio cha wakulima: wanunuzi binafsi waliwapunja kwenye mizani. Mkulima asiyejua kusoma alipokea alichoambiwa, akaenda zake.

Wakulima walianza na jambo dogo. Walidai kuwa na mpimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba. Kutoka hapo Bomani alizunguka Usukumani akiwaunganisha, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa Victoria Federation of Co-operative Unions. Kabla ya uhuru muungano huo ulikuwa ukishika biashara ya pamba ya Kanda ya Ziwa, ukawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Ndugu zangu, hayo yalifanywa na watu wa jembe la mkono.

Nabii Amosi, sura ya 8, aliwakemea wanaongoja sikukuu ipite ili wakapunguze kipimo. Kwa maana hiyo, kazi ya Bomani ilikuwa kazi ya kinabii, hata kama ilifanyika ofisini na kwenye magunia.

Sasa upande wa pili. Bomani aliingia serikalini, akawa Waziri wa Kilimo, kisha wa Fedha. Muungano ulibaki na makarani na mameneja wengi, na mkulima akawa mbali na hesabu zake. Mwaka 1966 serikali iliunda tume kuchunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta wizi, ajira za kujuana na viongozi wasiowajibika. Baadaye muungano uliwekwa chini ya uangalizi wa serikali. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchi nzima, hadi sheria ya 1982 ilipovirudisha.

Wapo wanaosema serikali ndiyo iliyoua ushirika. Ni kweli kwa sehemu. Lakini wizi ulioikaribisha serikali ulifanywa na watoto wetu wenyewe, wengi wao waliobatizwa. Mnunuzi wa zamani aliondoka, dhambi yake ikabaki kituoni. Bomani alijenga chombo kikubwa haraka kuliko alivyoweza kuandaa watu wa kukilinda.

Tena kuna kundi ambalo ushirika haukulihesabu: vibarua waliopalilia na kuchuma. Mwanachama alikuwa mwenye shamba. Yakobo, sura ya 5, anataja ujira wa wavunaji uliozuiliwa, unaomlilia Mungu. Mkulima aliyelia juu ya mizani ya mnunuzi aliweza kurudi nyumbani akamcheleweshea kibarua malipo yake.

Je, basi Bomani alishindwa? Sisemi hivyo. Alithibitisha kwamba mkulima asiye na shule anaweza kumiliki biashara yake, na hilo haliwezi kufutwa kwa amri. Hapa Bujora tunacheza bugobogobo kwa majembe, ngoma iliyotoka kwa vijana waliolima pamoja kwa zamu. Mbegu ya ushirika tulikuwa nayo tangu kwa mababu.

Kinachobaki ni kazi yetu. Muumini mwenye shamba ahudhurie mkutano wa AMCOS yake, aombe hesabu zisomwe hadharani, na asione haya kuuliza mara ya pili. Aliyechaguliwa kuwa katibu akumbuke kwamba daftari lake litafunguliwa pia mbele za Mungu. Na kibarua alipwe jioni ileile. Tukifanya hayo, tutakuwa tumemheshimu Bomani.