Distributa Haikai? Tazama Mkono wa Fundi

Kurudisha distributa kwenye injini huonekana kazi ndogo: tundu moja, bolti moja, kifuniko na nyaya za plagi. Ndiyo maana wenye magari wengi huipima kwa jambo moja tu, kama gari limewaka. Kipimo hicho kinadanganya. Kwenye injini za zamani ambazo distributa huzungusha pia pampu ya oili, kama 2F ya Toyota Land Cruiser au ile V8 ndogo ya Chevrolet iliyotoka mwaka 1955, injini inaweza kuwaka huku distributa haijakaa na pampu imesimama tuli. Moto unafika kwenye plagi, oili haifiki kwenye beringi. Ubora wa kazi hii basi uko kwenye milimita chache za mwisho, pale distributa inapogoma kushuka, na fundi hujulikana kwa anachokifanya hapo.

Kinachotokea ndani ya tundu ni hiki. Shafti ya distributa ina gia ya meno ya mshazari inayoshikana na gia ya kemshafti. Chini ya gia hiyo, ncha ya shafti lazima iungane na shafti ya pampu: upande mmoja ulimi bapa, upande wa pili mfereji wa kuupokea. Meno yakikutana, distributa hushuka huku rota ikijigeuza kidogo, kisha inakwama, na chini ya kikalio chake unabaki mwanya. Ulimi umelala juu ya mfereji kama msalaba. Hakuna kilichoharibika, ila viungo viwili havijaelekeana.

Fundi mzuri huusoma mwanya huo kabla ya kushika spana. Anaijaribu rota kwa vidole: ikizunguka huru, meno hayajashikana, ikisogea kidogo kisha ikajirudisha, hizo ni springi za adivansi, meno yameshika. Meno yakiwa yameshika na mwanya ni mpana, anajua ni pampu. Mwanya ukiwa wa milimita moja au mbili, na distributa inadunda ukiibonyeza, anatazama oringi iliyokauka au masizi yaliyoganda ukingoni mwa tundu. Distributa ikiwa imetolewa kwenye gari jingine, anailaza kando ya ile ya zamani na kulinganisha urefu wa shafti, meno ya gia na umbo la ncha. Ikithibitika ni pampu, anaichomoa distributa, anamulika tochi ndani na kugeuza shafti ya pampu kwa bisibisi ndefu, kidogo kidogo, akijaribu tena kila mara. Ikipata njia yake, hushuka kwa uzito wa mkono tu, na kikalio hulala sawasawa pande zote.

Wapo wanaosema kaza bolti ya kibano, itaingia yenyewe. Kibano kiliwekwa kuishika distributa isizunguke wala isipande, hakikuwekwa kuisukuma. Ukikaza, nguvu yote hupita kwenye ulimi uliosimama juu ya shafti ya pampu, na kitakachokubali kwanza ni sikio la aluminiamu kupasuka au shafti kupinda. Wengine hushauri kuibonyeza distributa kwa mkono na kupiga stata kidogo. Hoja hii ina ukweli: meno yakishashikana, kemshafti huuzungusha ulimi huku shafti ya pampu imetulia, mpaka vikutane, na rota haipotezi nafasi yake kwa kuwa meno hayajaachana. Naikubali, lakini krenkishafti izungushwe kwa spana, plagi zikiwa nje. Mkono huhisi kitu kilichokwama, stata haihisi.

Nisichokikubali ni kuruka jino ili distributa iingie. Gia ya distributa ya Chevrolet hiyo ina meno 13, kwa hiyo jino moja ni karibu nyuzi 28 za rota, na kwa kuwa krenkishafti huzunguka mara mbili kila rota inapozunguka mara moja, ni kama nyuzi 55 kwake. Kosa hilo hufichwa kwa kuugeuza mwili mzima wa distributa, hadi kopo la vakyumu ligonge manifoldi na nafasi ya kupanga taimingi iishe. Kinachopaswa kugeuzwa ni shafti ya pampu. Vilevile, anayedai haikai kwa sababu silinda ya kwanza iko kwenye mpigo wa ekzosi amechanganya mambo mawili: kukosea nyuzi 180 huharibu mpangilio wa moto, wala hakuizuii distributa kukaa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, inama utazame chini ya kikalio kwa tochi. Kisha injini iwashwe nawe ukiangalia dashibodi. Taa ya oili isipozimika ndani ya sekunde chache, zima injini hapohapo, hata kama inanguruma vizuri, na distributa itolewe upya.