Joshi na Demani: Maisha ya Chomboni Katika Maandishi Mawili

Makala haya yanakusudia kuchunguza maandishi mawili yahusuyo vyombo vya tanga vya pwani yetu. Andiko la kwanza ni kitabu cha Alan Villiers, Sons of Sinbad, kilichotolewa mwaka 1940. La pili ni utenzi wa Ahmed Sheikh Nabhany, Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979. Swali letu ni moja: je, msomaji wa leo ambaye hajapata kulala chomboni hata usiku mmoja, aweza kuyajua maisha ya baharia kwa kuyasoma maandishi hayo?

Villiers, Mwaustralia na baharia kwa kazi yake, alipanda jahazi la Kuwait, la aina ya bumu, huko Aden mwishoni mwa mwaka 1938. Nahodha wake alikuwa Ali bin Nasir al-Najdi. Kwa upepo wa kaskazi waliteremka hadi Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja, kisha wakaingia delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, na mwaka 1939 wakarejea Ghuba. Ubora wa kitabu hiki watokana na jambo moja: mwandishi aliishi humo chomboni. Alilala na kula pamoja na mabaharia, akaona kazi ya kutweka tanga na msongamano wa wasafiri kutoka Hadhramaut.

Hata hivyo, hatuna budi kutaja upungufu wake. Chombo kile kilikuwa cha Wakuwait, na amri zake zilitolewa kwa Kiarabu; nasi twazisoma kwa Kiingereza. Mji wa Kale wa Mombasa waonekana humo kama mahali ambapo mabaharia wageni hushuka na kupanda. Majahazi madogo ya Lamu, yaliyoleta boriti katika Bandari ya Kale, hayakuwa ndiyo makao ya mwandishi, na mabaharia wake hawasemi kwa lugha yao wenyewe.

Lugha hiyo twaipata kwa Nabhany. Alizaliwa Lamu mwaka 1927, akaishi Mombasa miaka mingi, na kufariki mwaka 2017. Kiwandeo ni jina la kale la Lamu, na utenzi umetungwa kwa Kiamu. Maudhui yake ni chombo na uundaji wake, na lengo lake ni kuyahifadhi maneno ya fani hiyo yasipotee. Fani ya utenzi yafaa sana kwa lengo hilo, kwa kuwa vina na mizani humsaidia msomaji kukumbuka. Aghalabu wahakiki hulalamika kwamba tungo za namna hii ni orodha tu. Sisi hatukubaliani nao. Lugha ambayo mafundi wake wanapungua yahitaji orodha, na mshairi huyu aliliona hilo mapema kuliko wengi wetu vyuoni.

Lakini si kila neno la chomboni ni jina la kitu. Mkuku ni mkuku hata chombo kikiwa juu ya magogo pwani. Fundi aweza kuuonyesha kwa kidole. Tuchukue sasa maneno joshi na demani. Upande wa joshi ni ule upepo utokako, na upande wa demani ni ule uendako. Chombo kikigeuzwa, upepo ukaja kwa ubavu wa pili, upande uliokuwa wa joshi huwa wa demani. Maneno haya hayana mahali pa kudumu katika mbao. Aliyelazimika kuhamisha mkeka wake usiku kwa sababu tanga limegeuzwa ndiye ayajuaye barabara. Kamusi zetu huyaeleza kwa maneno machache, na mwanafunzi huyakariri bila kujua ni ubavu upi.

Kwa hiyo twaona kwamba Villiers ametupa maisha ya chomboni bila lugha yetu, na Nabhany ametupa lugha, lakini hakudai kuandika shajara ya safari. Kinachokosekana ni nathari ya baharia mwenyewe, kwa Kiamu au Kimvita, isimulie njaa, kazi, ugomvi na ibada kati ya Lamu na Mombasa.

Upungufu huu ni wa watafiti kuliko wa watunzi. Hata utafiti wa thamani kama ule wa A. H. J. Prins, Sailing from Lamu, wa mwaka 1965, uliandikwa kwa Kiingereza. Nasi tuendapo Mji wa Kale na madaftari yetu, huonyesha kitu na kuuliza, "Hiki chaitwaje?" Mzee hujibu kwa neno moja, nasi huondoka tumeridhika. Yafaa tumwulize pia jinsi walivyofanya usiku ule upepo ulipogeuka, kisha tumwache aseme mpaka amalize, na tuyaandike maneno yake kama alivyoyasema. Wazee waliosafiri kwa tanga bila mashine wazidi kupungua, na kazi hii haiwezi kungoja.